Hapana Niliyoibeba Mwenyewe

Mtoto wa dada yangu ana tabia ya kuniandikia ujumbe kwenye simu, halafu kabla sijavaa miwani ameshaufuta. Nikifungua nakuta maandishi yananiambia ujumbe umefutwa. Nikimpigia kumwuliza alitaka kusema nini, ananijibu, eti, mama mdogo, nilighairi tu. Alighairi! Mimi nimebaki na simu mkononi nikiwaza kama amefukuzwa kazi au ana mimba, yeye ameghairi. Jamani, sisi hatukuwa na anasa hiyo. Kwetu neno likitoka lilikuwa limetoka, na mimi nililifuata langu kwa miguu yangu mwenyewe.

Wakati huo simu hazijaingia kila mfuko. Nilikuwa natoa dawa kwenye zahanati moja mlimani, na nyuma ya dirisha la dawa kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo, kati ya maboksi ya pamba na madumu ya spiriti, palikuwa na meza yangu. Juu ya meza kompyuta kuukuu yenye maandishi ya kijani, kando yake kisanduku cheusi, na kando ya kisanduku redio ya mawasiliano, ile tuliyoita simu ya upepo. Hakuna aliyetulipa. Tulikuwa watu wa redio ya ridhaa, wenye leseni za kutundika ukutani na waume au wake wa kutununia kwa sababu ya kelele. Mimi mume sikuwa naye, kwa hiyo alininunia mama.

Kazi ilikuwa hivi. Unaandika ujumbe wako, kisanduku kinaukata vipande na kuvigeuza milio, redio inairusha hadi kituo cha jirani. Jirani naye anaurusha kwa jirani yake, hivyo hivyo mpaka unafika. Njia ikifungwa, kwa mvua, kwa umeme kukatika, au kwa kuwa mwenye kituo kaenda msibani, ujumbe haupotei. Unakaa palepale ulipofikia, saa kadhaa au siku kadhaa, mpaka njia ifunguke. Na tulikuwa na desturi moja ambayo mtu hakuichezea: ukipokea ujumbe wa kupitisha, unamwandikia aliyekutumia neno moja, "Nimeshika." Akiliona hilo, yeye anafuta kwake, maana mzigo umekuwa wako. Na wewe uliyesema umeshika hufuti, huachi, husahau, mpaka wa mbele yako naye aseme ameshika. Watu wengine hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini kwa neno hilo waliaminiana kuliko ndugu.

Kitu kingine, leseni zilikataza mafumbo. Kila ujumbe uandikwe wazi, na kila mwenye kituo njiani akitaka ausome. Sasa mtu achumbie kwenye mtandao wa namna hiyo! Ni sawa na kumwaga siri zako sokoni kwa kipaza sauti.

Basi mimi nilichumbiwa huko huko.

Huyo bwana tulimwita Mpimaji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima mvua na upepo kwenye uwanda wa juu, ng'ambo ya safu ya milima. Nilikuwa nimeonana naye mara moja tu, kwenye mkutano wetu wa watu wa redio. Alinitengenezea waya wa antena uliokuwa umelegea, akafanya taratibu sana, nikadhani hajui, kumbe ndivyo alivyo. Kila neno lake lilikuwa kama limekaa ndani kwanza likapimwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha habari yangu.

Tangu hapo akawa ananiandikia. Hakuna mpenzi wala mahabuba, na jirani zetu wote wanasoma! Alianza kila mara na mvua. "Leo milimita kumi na mbili. Nakusalimu, Binti Dawa." Kesho yake, "Leo milimita ishirini. Nimekukumbuka." Mimi nilijua milimita zile maana yake nini, na kwa bahati mbaya kila mtu alijua. Kinyozi mmoja mwenye kituo huko bondeni aliniandikia kwamba mvua za uwandani zinazidi, nijihadhari na mafuriko. Nilimjibu akanyoe watu.

Kisha ukaja ule ujumbe wenyewe. Mpimaji alisema ofisi yao imempa nafasi kwenye kituo cha ng'ambo ya bahari, mkataba wa miaka mingi, na karatasi ziko mezani kwake. Tarishi wa ofisi alikuwa akipita pale kila asubuhi, na Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kusaini. Halafu akaandika: "Ukinikubali niwe mumeo, sitasaini. Usiponikubali, sina cha kukaa hapa. Leo hakuna mvua."

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Kisha nikamfikiria mama. Baba alikuwa ameshafariki, dada yangu ameolewa mbali, na miguu ya mama ilikuwa imeanza kumgomea. Kumtoa kitandani ilikuwa kazi ya mkono wangu. Mimi niende kukaa uwandani, ng'ambo ya milima, nani atamwinua? Nililia palepale kwenye pamba, na kwa kuwa mimi nikikata shauri sipendi kulitazama mara mbili, nikaandika: "Hapana. Mama yangu hana mtu mwingine. Nenda salama." Nikabonyeza.

Kituo cha jirani yangu kilikuwa cha Postamasta, mzee mstaafu wa posta aliyekaa mjini chini ya mlima. Yeye ndiye alikuwa mlango wa kwenda uwandani. Kati yake na Mpimaji kulikuwa na safu ya milima, na njia ile ilifunguka asubuhi na jioni tu hewa ikikubali, tena kwa muda mfupi, sauti ya mtu haipiti, milio tu. Postamasta akanijibu, "Nimeshika." Nikafuta kwangu. Nikaenda nyumbani na macho mekundu.

Mama hakuwa mtu wa kudanganywa. Aliniuliza kilichoniliza, nikajaribu kusema ni spiriti, akanitazama mpaka nikamweleza yote. Nilidhani atanishukuru. Thubutu! Alikasirika hata akajaribu kusimama mwenyewe.

"Mimi nimekuwa kisingizio chako?" aliniuliza. "Ukifika uzee wangu ukiwa peke yako, utasema ni mama aliyekuzuia. Sitaki deni hilo. Mimi nitakwenda kwa dada yako, au nitatambaa, au nitakufa, hayo ni yangu. Umenitumia bila kuniuliza."

Usiku huo hatukusemeshana. Asubuhi, Jumatano ile, nilimwinua, nikamwosha, nikamvisha, na wakati namfunga kilemba akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kama nampenda huyo mtu. Nilisema ndiyo. Akasema basi, ndiyo hiyo mpelekee yeye mwenyewe, siyo mimi.

Nilifika zahanati nikihema. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na ukarudi nilipokuwa naingia. Mama ameniwasha moto, wagonjwa wamejaa kwenye dirisha, na nje nasikia honi ya lori la maziwa. Dereva wa lori lile alikuwa mwenzetu: alikuwa na redio na kisanduku garini, akipita karibu na kituo anachukua ujumbe, akifika uwandani anauachia. Kisanduku chake hakikuuliza lolote, kilibeba tu, na jioni ya siku hiyo hiyo kingekuwa kwa Mpimaji. Nikawasha kompyuta, nikaandika upesi: "Ndiyo. Nakubali kwa moyo wote. Ile ya kwanza usiijali." Dereva akapiga honi mara mbili, maana yake ameshika. Lori likaenda. Nilirudi dirishani nikatoa dawa za minyoo nikicheka peke yangu.

Nilipopata nafasi ya kurudi stoo, nikatazama skrini. Ujumbe wangu ulikuwa na tarehe ya kwanza Januari 1980.

Kwa mtu asiyejua mashine zile, nieleze. Kompyuta yangu ilikuwa na betri ndogo ndani ya kutunzia saa, na betri ile ilikuwa imekufa zamani. Kila umeme ukikatika, mashine iliporudi ilidhani leo ni siku hiyo ya mwaka 1980, na mimi ilibidi niandike tarehe upya kwa mkono kabla ya kutuma chochote. Kila siku nilifanya. Siku hiyo, kwa ajili ya mbio, sikufanya. Na kila ujumbe wetu ulipewa umri: ukizeeka mno njiani, mashine ya mpokeaji iliutupa bila kumwuliza mtu, ili masanduku yasijae takataka. Ndiyo yangu ilikuwa inakwenda uwandani ikiwa na umri wa miaka mingi kuliko mapenzi yenyewe. Ingefika jioni, na mashine ya Mpimaji ingeitupa kabla hajajua imefika.

Ila hapana yangu ilikuwa na tarehe safi.

Lori halirudi mpaka wiki inayofuata. Nikaweka tarehe sawa, nikamtumia Postamasta ndiyo mpya, akanijibu ameshika, kisha akaongeza kwamba foleni ni ndefu: mbele kuna habari za hospitali na za maji ya mto, na za watu binafsi zinapita moja moja. Mpya yangu ingepita labda Jumamosi. Nikamwuliza ile ya jana je? Akajibu: "Hiyo ndiyo inayofuata. Jioni hii."

Nilimwachia nesi ufunguo wa dirisha, nikamwomba jirani amtazame mama, nikateremka mlima mbio. Nilimjua Mpimaji. Akipata hapana jioni ile, angesaini jioni ile ile, na asubuhi tarishi angeondoka na karatasi, na mimi ndiyo yangu ingefika Jumamosi kwenye chumba kitupu.

Postamasta nilimkuta chumbani kwake, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa hadi shingoni, kama bado yuko kaunta. Mkewe aliniletea maji, nikanywa huku nasimulia. Yeye alikuwa anajua yote, si alishasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema hawezi kufuta. Nikamwomba basi aweke ndiyo mahali pa hapana. Akanigeuzia skrini, akanionyesha waliotangulia ndiyo yangu: mama mmoja anangoja kusikia kama mwanawe amefaulu mtihani, mwingine anaarifiwa kuhusu mazishi ya kaka yake. Akaniuliza nani kati ya hao nimtoe. Nilikuwa na hasira, na nilimwambia maneno ambayo mzee hapaswi kuambiwa. Nilimwambia moyo wake ni muhuri wa posta. Hakunikaripia.

"Mwanangu," alisema, "hapana yako nilipoisoma iliniuma. Mimi na mke wangu tulikaa hapa tukasikitika. Lakini nilishasema nimeshika. Leo nikifuta yako kwa sababu naihurumia, kesho nitafuta ya mwingine kwa sababu inaniudhi. Halafu nani ataniletea neno lake?"

Nililia. Njia ilikuwa karibu kufunguka, ilisikika kwenye redio, ile sauti ya kukwaruza ikianza kupungua. Na hapo, kati ya kilio, nikaona kitu ambacho nilikuwa nakijua miaka yote. Nikamwuliza ujumbe anauachia wakati gani. Akasema ukishikwa na aliye mbele yake njiani. Nikamwuliza lori ni kituo? Akasema ni kituo, kwa kuwa linakwenda.

"Basi mimi nakwenda," nikamwambia. "Basi la kwanza la alfajiri. Nipe."

Akatoa disketi kwenye droo, akaipangusa kwa shati, akaiingiza mashineni. Ilipotoka akaishika juu bila kunipa.

"Si kwa ajili ya kuitupa darajani," alisema. "Ukishika, umeshika. Utamkabidhi yeye, na yeye atanithibitishia."

Nilisema, "Nimeshika." Sauti yangu ilitoka ndogo. Akafuta kwake mbele ya macho yangu, na njia ilipofunguka akarusha habari ya yule mtoto wa mtihani.

Nililala kwa Postamasta, mkewe akanifunika khanga mbili, na alfajiri nikapanda basi. Nataka kusema ukweli kuhusu safari ile. Disketi ilikuwa kwenye mkoba wangu, na daraja lilikuwepo, refu, na dirisha lilikuwa wazi. Nani angejua? Ningefika mikono mitupu, ningesema ndiyo kwa mdomo, Mpimaji angefurahi, Postamasta angeambiwa imeharibika, disketi si zinaharibika kila siku. Niliitoa hata nikaiweka gotini. Kilichonizuia si uaminifu tu, nisijisifu. Nilimwogopa mtu ambaye angeishi na mimi miaka yote bila kujua kwamba nilimkataa kwanza, na mimi nikijua. Nikairudisha mkobani, basi likapita daraja, nikaichukia roho yangu mpaka tulipofika njia panda.

Kutoka njia panda nilitembea. Uwanda ule ni upepo mtupu, na kituo chenyewe ni chumba kimoja cha bati na uzio wa waya wenye vipimo vyake ndani. Mchana ulikuwa umekaribia kwisha. Mlango ulikuwa wazi. Mpimaji alikuwa anafunga vitabu kwa kamba, na mezani karatasi zimenyooshwa, kalamu juu yake. Aliponiona aliachia kamba, vitabu vikamwagika.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yaliyotoka ni kwamba nimeleta ujumbe wake.

Alichukua disketi, akaketi, akaiingiza. Mashine ikakoroma, ikakwama, ikakoroma tena. Mimi nimesimama mlangoni, miguu imejaa vumbi, nasoma mgongo wake. Mistari mitatu tu, lakini alikaa nayo muda mrefu. Aliona tarehe, aliona jina la kituo changu, aliona mama yangu hana mtu mwingine. Kisha akageuka.

"Umekuja njia yote hii kuniletea hapana?"

"Nilikuwa nimeshaishika," nikamwambia.

Nikamweleza yote, kuhusu mama, umeme, lori, mwaka 1980. Alitazama kwenye mashine yake, akapata alama ya kitu kilichotupwa jana jioni kwa uzee, akakubali kwa kichwa. Nikamwambia kilichotupwa ni ndiyo. Nikamwambia na mimi mwenyewe nimekuja kuisema, na hapana nayo ilikuwa ya kweli siku ile, na nisingependa anioe bila kuisoma. Yote hayo niliyasema kwa mkupuo mmoja, bila nukta, mpaka pumzi ikaniishia.

Alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa, saa ya kupima. Akavaa koti, akatoka.

Loo! Nilibaki pale na karatasi zake na kalamu yake. Nimewahi kungoja majibu kwa siku na kwa wiki, lakini sijawahi kungoja kama nilivyongoja siku ile mtu aliyekuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Nilimwona dirishani ameinama kwenye vipimo vyake, anasoma, anasimama, anaangalia milima, anainama tena. Nilijiambia ameudhika. Nilijiambia anatafuta namna ya kunirudisha kwa heshima. Nilijiona mjinga niliyebeba kisu changu mwenyewe hadi kwa mchinjaji, nikamkabidhi na kumwambia kinakata vizuri.

Aliporudi alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Aliandika vipimo vyake kwenye karatasi ya kazi, kwa hati ile ile ya taratibu, kisha akaiweka kalamu mbali na zile karatasi nyingine.

"Kwa mama yako," aliniuliza, "kuna uwanja wa wazi, usio na miti, ambapo mtu anaweza kuweka kipimo cha mvua?"

Nilikuwa nimefikiria kila kitu, kwenda, kukaa, kumwacha mama, kutomwacha, na siku zote hizo sikuwa nimemwuliza yeye hata mara moja kama anaweza kuja. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke.

"Upo," nikamwambia. "Ila una kuku."

Akafikiria kidogo, kama kawaida yake, akasema kuku si tatizo, ataweka uzio.